Mama na Maji ya Kwanza

Mama hakulipenda ziwa. Tulimpeleka mara ya kwanza mwaka ule mbuzi wake walipokwisha, tukidhani atayaona maji yote yale na kufurahi kama wageni wanavyofurahi. Alivua akala zake za tairi, akasogea hadi ukingoni, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Haya ni ya kuangalia tu," akasema. Kisha akaenda kukaa chini ya mkoma, akalipa ziwa kisogo, na pale pale akabaki mpaka tulipopakia mizigo garini.

Niliudhika, sitaficha. Nilikuwa nimemwombea nafasi katika gari lililojaa watu, nikamkaangia samaki peke yake bila pilipili, na yeye anatema ziwa zima mbele ya wageni. Mdogo wangu alicheka. Yeye hucheka kila kitu, ndiyo maana wageni wanampenda na mimi wananiogopa.

Kazi yetu ni hiyo, mimi na huyo mdogo wangu: tunapeleka watu matembezi. Wengi wanatoka ofisi za Lodwar, wengine ni wafanyakazi wa mashirika huko Kakuma, watu ambao wikendi ikifika hawataki tena kuona kompyuta. Jumamosi tunawapeleka ziwani, waogelee pale ambapo wavuvi wanasema mamba hawafiki, wapande vilima vya mchanga na kuteleza hadi chini huku wakipiga kelele. Jumapili tunawaingiza korongoni. Yeye anaongoza njia, mimi napika. Jirani zangu mpaka leo hawaelewi mtu mzima anayetembea juani bila kufuata mbuzi.

Mama alikuwa ametembea juani maisha yake yote, tena akifuata mbuzi. Boma lake lilikuwa Lopur, upande wa Kakuma, kando ya laga pana, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Ukame ulipommalizia mifugo, mdogo wangu alikwenda kumchukua, akamleta nyumbani kwangu Lodwar. Nilimpa chumba. Nilimwekea kitanda, akalala chini. Nikamwekea godoro chini, akalisimamisha ukutani akatundika shuka zake juu yake. Alisema nyumba ya mabati ni sufuria, na kwamba mtu mwenye akili haingii ndani ya sufuria kwa hiari yake.

Mwanzoni alikuwa akisuka vikapu nyuma ya nyumba. Baadaye vikapu akaviacha. Halafu akaanza kuacha chakula. Nikimletea ugali anaumega, anauweka, anasema ameshiba. Shanga zilizomjaa shingoni zikaanza kuonekana kubwa, na nilipomshika bega kumwamsha asubuhi nilishika mfupa. Nilimpeleka hospitali. Daktari akampima damu, akamsikiliza kifua, akaniambia mama yangu hana ugonjwa. Nikamwambia kama hana ugonjwa basi amwamuru ale. Daktari alidhani natania.

"Dada, mrudishe Lopur," mdogo wangu aliniambia jioni hiyo.

"Arudi kwa nani? Pale hakuna mbuzi, hakuna mtu, maji ni ya kuchimba. Unataka tumpeleke akafie huko?"

"Na hapa anafanya nini?"

Nilimrushia mwiko. Ulimkosa. Lakini swali halikunikosa, na usiku mzima nililigeuza kichwani. Nilijua kitu kimoja tu: nilimtaka mama yangu hai, na nilimtaka mahali ambapo naweza kumwona. Wengine katika ukoo waliniambia namlazimisha. Niliwauliza wao walimpelekea nini alipokuwa Lopur anachemsha matunda ya porini.

Basi nikajiambia kinachomuua ni kukaa. Ziwa lilikuwa limeshindikana, nikaamua kumjaribu na korongo.

Siku hiyo tulikuwa watu wachache. Kulikuwa na wafanyakazi wa Kakuma, vijana wenye viatu vizuri vya kutembelea, pamoja na mama mmoja kutoka Sudan Kusini anayeuza vitambaa katika kambi ya wakimbizi. Huyo alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimemnunulia vitenge kwa muda mrefu mpaka tukaanza kuitana dada. Alikuja na ruhusa yake ya kutoka kambini imekunjwa ndani ya Biblia, na kila tukisimama alikuwa anahakikisha bado ipo.

Korongo lenyewe linaanza kama laga ya kawaida, mchanga na miti ya mathenge. Halafu mawe yanasogeleana, yanapanda, na ghafla una ukuta wa mwamba kila upande na kipande chembamba cha anga juu. Ndani kuna kivuli. Pimbi wanakuchungulia. Mchanga ni baridi chini ya mguu, na Mama alipougusa alivua akala zake, akaanza kutembea mbele ya watu wote, mbele hata ya mdogo wangu. Nilimwona anainama, anachimba kidogo kwa mkono, ananusa, anaendelea. Vijana wa viatu vizuri walikuwa wanahema nyuma yake. Mdogo wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Si nilikuwa nadhani huyu ni mgonjwa?"

Tulipofika pale tunapokula siku zote, kwenye jukwaa la mwamba lililo juu ya mchanga, niliwasha moto. Mama aliomba chai. Akaomba chapati. Akaimaliza, akaomba nyingine. Mimi nilijifanya nashughulika na sufuria maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtu aniulize. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Nilianza hata kupanga: nitamleta kila Jumapili, atakula kila Jumapili, na siku nyingine zitajifuata zenyewe.

Alipomaliza alishuka tena mchangani kuchimba. Anga juu yetu lilikuwa jeupe kwa jua. Asubuhi kulikuwa na mawingu mbali sana, juu ya vilima vya upande wa Uganda, na mdogo wangu alikuwa ameyatazama, ndiyo sababu alituambia tule juu na si chini.

Kwanza ulikuja upepo. Ulikuwa upepo wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa, na moto wangu ukalala upande mmoja. Kisha sauti, kama lori zito linalopanda mlima mahali pasipo na barabara. Mdogo wangu hakucheka safari hii. "Juu! Pandeni juu! Wacheni mabegi!" Watu wakaparamia mwamba. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama wima, kichwa ameinua. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu alipokuja kwangu. Kisha akaanza kutembea, taratibu, kuelekea kule sauti ilikotoka.

Lazima nieleze, maana vijana wale baadaye waliulizana kama mama yangu ana akili timamu. Kule kwetu, maji ya kwanza baada ya kiangazi hayakimbiwi. Unayaendea. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, na mama yake alimfundisha yeye. Maji yanapoingia laga ya Lopur yanatambaa juu ya mchanga, membamba, yana povu na mavi ya mbuzi na vijiti mbele yake, na mtoto anaweza kutembea kinyumenyume huku yakimfuata. Unainama, unayagusa, unajipaka kwenye paji la uso na kifuani, unayaambia karibu, mmekawia wapi. Ni mgeni ametoka mbali, utamkimbiaje? Mama hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anayasalimu maji jinsi alivyoyasalimu maisha yake yote. Ila hajawahi kuishi korongoni. Laga pana ina nafasi, maji yanatandaa. Kwenye mwamba mwembamba maji hayatambai, yanakuja yamesimama.

Niliruka chini. Nilimkimbilia, nikamshika mkono kwenye kiwiko. Akauvuta. Nilishangaa nguvu zake. "Niache niyasalimie," akasema kwa Kiturkana, maana na mimi haongei lugha nyingine, akasema bila hasira, kama unavyomwambia mtoto anayekuvuta nguo kanisani. Nilimtukana. Mama yangu mzazi, nilimtukana, kisha nikamkumbatia kiunoni nikamburuta. Alijikita mchangani. Alinipiga begani kwa ngumi. Sikuwa na njia ya kumpandisha mwamba peke yangu, na ningebaki naye pale, nakumbuka niliwazia hivyo bila hata kuogopa. Ndipo nikamwona yule dada wa vitambaa ameshuka, amejifunga kitenge vizuri, anamshika Mama miguu. Mdogo wangu alilala kifudifudi juu ya mwamba akanyoosha mikono. Tulimpandisha kama gunia.

Maji yalitokea kwenye kona. Yalikuwa ya kahawia, marefu kunipita mimi, yamebeba mti mzima wa mathenge na mizizi yake. Yalipita pale tulipokuwa tumesimama, yakalamba ukingo wa jukwaa, yakachukua sufuria yangu. Baadaye mmoja wa vijana akatoa simu akaanza kupiga picha, nikamwambia aiweke kabla sijaitupa.

Mama alikaa ameegemea mwamba, kiwiko kimechubuka, anatazama maji yanavyopita. Mimi nikaanza kupiga kelele. Nilimwambia yote: kwamba anataka kufa, kwamba anataka kufa mbele ya macho yangu, kwamba nimemlisha na kumfulia na yeye anatafuta njia ya kunikimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeniokoa na maji," akasema. "Asante. Sasa niokoe na nyumba yako."

"Nyumba yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu." Akapangusa mchanga kiwikoni. "Kule mimi ndiye ninayekaribisha. Hata maji yakija, mimi ndiye yanayemkuta. Kwako ninakaribishwa kila siku, mwanangu. Kila siku. Nimechoka kukaribishwa."

Tulikaa juu ya mwamba mpaka maji yakapungua na njia ikaonekana pembeni. Wakati tukisubiri, yule dada wa vitambaa alinisogelea akanifunika mabega kwa kitenge chake kilicholowa. "Dada, mama yako hana makosa," akaniambia. "Kwetu pia, mto ikirudi watu wanaenda kuona. Mimi miaka mingi niko kambi, kila siku mtu anapatia mimi chakula. Mimi najua ile kitu mama anasema." Halafu akafungua Biblia kutazama kama ruhusa yake imelowa.

Sijutii kumburuta. Watu wanitazame wanavyotaka, hata leo ningemburuta tena, na matusi ningeyarudia. Lakini siku zilizofuata hazikuwa nzuri pale nyumbani. Mama hakunikasirikia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikula vijiko vichache kwa heshima yangu, akashukuru, akarudi kuketi kando ya ukuta. Mimi nilipika kila alichowahi kupenda. Nilinunua maziwa ya ngamia. Nilimletea mchungaji wa kanisa aje amwombee, na Mama akamwombea mchungaji. Nikaona kwamba nimemshika mtu kwa nguvu zangu zote na bado anaondoka.

Zilipokuja habari kwamba mvua imenyesha Lopur, mimi ndiye niliyemwambia. Mdogo wangu alitupeleka. Tulipita Kakuma kwa dada wa vitambaa, akatunywesha chai, akatupa turubai jipya na hakutaka tulizungumzie. Njia nzima nilikuwa nazungumza: simu atumie ya jirani, unga nitaleta, akihisi homa asingoje. Mama aliitikia kila neno kwa adabu, macho yakiwa nje dirishani.

Boma lilikuwa kama nilivyoogopa, miiba na majivu ya zamani. Jirani mmoja tu alikuwa amerudi. Mama alizunguka mara moja, akaanza kukata fito. Nilipoinuka kumsaidia aliniambia niketi. Alinitandikia ngozi, ile ya wageni, aliyokuwa ameiacha kwa jirani. Akawasha moto wake, akachemsha chai yenye moshi na majani mengi kupita kiasi, akanimiminia mimi kwanza, kabla ya mdogo wangu, kabla yake mwenyewe. Mikono yake ilikuwa bado myembamba vilevile. "Ejok," akanisalimia, kama vile ndiyo kwanza nimefika, na akaniuliza habari za Lodwar, za kazi, za njia. Nilimjibu moja baada ya nyingine. Nilitaka kulia lakini mgeni halii.

Alikula mezani kwake mwenyewe siku hiyo, nikisema meza ni kusema tu, alikula mchangani, kibakuli kizima cha uji, mbele yangu, bila kuombwa.

Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza hadi kwenye gari. Sijui kama atauona mwaka mwingine pale, na sijifanyi najua. Nilimwambia nitarudi mwezi ujao. Akanishika mkono wote, hadi kwenye kiwiko, mahali ambapo mimi nilimshika siku ile.

"Njoo," akasema. "Njoo kunitembelea. Usije kunichukua."