Kikaragosi Kisicho na Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nasari moja ya Makina, Kibera, mwalimu mkuu alinivika kikaragosi mkononi kabla hata hajanionyesha darasa. Kilikuwa kama glavu ya kitambaa: kidole cha shahada huingia kichwani, gumba na kidole cha kati huwa mikono.

"Usikifanye kihubiri," aliniambia. "Watoto wamehubiriwa vya kutosha. Kipe shida, kisha unyamaze."

Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia watoto wadogo kutaja yaliyo moyoni. Mtoto akiulizwa ana nini, hutazama sakafu. Akiulizwa kikaragosi kina nini, hujibu.

Vikaragosi vya Makina havikuwa na macho wala mdomo. Maalimu wa madrasa ya jirani, aliyenisomesha Kurani utotoni, hakupenda tushone nyuso. Wapo wanazuoni wanaoruhusu sanamu za watoto kuchezea, lakini mwalimu mkuu alimheshimu, na yakaisha. Ikabidi tuonyeshe hisia kwa mwili. Huzuni huanzia shingoni. Woga huvuta mikono kifuani. Baadaye niliiona neema yake, kwani kikaragosi cha dukani kilichochorwa tabasamu hutabasamu hata kikilia.

Nilihamia Kawangware, nasari ya kanisa, nao wakanipokea na buibui langu bila maswali. Huko alikuwepo Mutua, wa miaka minne, aliyewauma wenzake karibu kila asubuhi. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu mitaa ya mbali, na hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Mwalimu mkuu wa pale, mama mkali lakini mwenye haki, aliniita. "Mwalimu Zamzam, wazazi wamenijia juu. Akiuma tena wiki hii, aende nyumbani."

"Na kazi ya mama yake?"

"Hilo ndilo linaninyima usingizi. Lakini mkono unaoumwa nao una mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata mwalimu mkuu alisimama mlangoni kunitazama. Nilikaa mkekani na kikaragosi changu cha Makina, nacho kikajifanya kuuma kidole cha mkono wangu wa pili. Nikawauliza watoto tukifanyeje.

"Kichapwe, ticha!"

"Kinyimwe uji!"

"Kifungiwe choo!" alisema mmoja, na darasa zima likacheka.

Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa. Kichwa cha kikaragosi kikainama, mikono ikajikunja. Mutua akasimama, akakivua mkononi mwangu, akakificha ndani ya sweta yake.

"Ako na hasira?" nikamuuliza.

"Hapana. Anaogopa. Mlango imefungwa na mamake ako nje."

Mlango wetu wa mabati ulitiwa komeo kila asubuhi wazazi wakishaondoka, watoto wasitoroke barabarani. Mkono wa mwalimu mkuu ulikuwa bado juu ya lile komeo. Alilitazama, akalivuta, mlango ukabaki wazi. Kisha akaniletea kiti nikae kizingitini, nifundishe kutoka hapo.

Mutua hakugeuka malaika. Siku chache baadaye aliuma tena, na msichana aliyeumwa mkono akapelekwa ofisini akilia. Nilijua neno lililokuwa limesemwa, nikamwomba Mungu subira. Mwalimu mkuu akauosha ule mkono, akambembeleza msichana, kisha akaniuliza swali moja tu: "Leo nani alifunga mlango?"

Alikuwa msaidizi mgeni, asiyejua kwamba komeo halitiwi tena. Mutua akabaki shuleni, na mama yake kazini.

Sasa nimestaafu, alhamdulillahi, na mikono yangu haishoni tena. Walimu vijana huja kuniuliza kama ni kikaragosi kilichomponya yule mtoto. Huwajibu kwamba kilimpa mahali pa kusemea, basi. Komeo ilibidi livutwe na mtu mzima.