Mikono ya Sista Ndoo

Wodini dada yangu wanamwita Sista Ndoo. Sista, kwa sababu wagonjwa wakizidiwa humwita yeye kwanza. Ndoo, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa: kupiga deki na kubadilisha mashuka. Miaka tisa sasa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kusajiliwa kuwa muuguzi, na mimi mdogo wake ndiye niliyemharibia.

Njia zilikuwa mbili. Arudie mtihani wa kemia aliofeli sekondari, kisha asome diploma miaka mitatu. Au achukue kozi ya jioni ya mwaka mmoja, cheti cha uhudumu wa afya, katika chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu. "Cheti hiki ni ngazi," mkuu wa chuo alituambia. "Utapanda tu."

Dada alisita. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na vyuo vya serikali havipokei aliyezidi thelathini na tano. Kemia angeirudia mwaka uleule, angewahi.

"Ilinishinda nikiwa na akili changa," alisema. "Sasa itakuwaje?"

"Sasa unazunguka nini? Pita hapa karibu. Chuo ni chuo," nikamjibu, na mdomo wangu huu usio na breki.

Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi. Nilidhani wanamsema mwongo mwingine.

Alifaulu, tena akaongoza darasa. Tukakipeleka cheti kwenye dirisha la usajili. Karani, mama wa makamo, akakigeuza mara mbili.

"Cheti ni halali, mdogo wangu, lakini ni cha wahudumu. Kwa wauguzi hakikuingizi. Diploma wanataka kemia."

"Basi nitairudia."

"Una miaka mingapi?"

Dada akataja. Thelathini na sita ilikuwa imemkuta wiki ileile. Karani akamrudishia cheti kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko tusi. Vyuo vya binafsi, kwa ada zake, hatukuviota hata usingizini.

Mwezi uliopita mama yetu alilazwa wodi hiyohiyo. Nilipofika saa ya kuwaona wagonjwa, dripu yake ilikuwa imechomoka. Muuguzi wa zamu, binti aliyesajiliwa juzijuzi, alikuwa akitafuta mshipa kwa mara ya pili. Alipokuwa mwanafunzi, dada ndiye aliyemwonyesha kwa kidole mishipa inakojificha kwenye mikono ya wazee.

Akachoma, akakosa. Mama akaguna, akamgeukia dada aliyekuwa akipiga deki kando ya kitanda.

"Mwanangu, si unichome wewe?"

"Siruhusiwi, mama."

Dada akaweka ndoo chini, akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo, akamwinamia yule binti.

"Teremka kidogo, sista," akamwambia. "Hapo juu ya kifundo. Polepole."

Dripu ikaanza kudondoka. Mama akamshukuru binti, akamwombea na baraka. Dada akaokota ndoo yake, akaenda kumalizia deki. Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linalonimaliza.