Simu Iliyolia Angani

Mwatum binti Idarusi alikuwa na vitu viwili asivyotaka hata kuvisikia: simu za mkononi na filamu za mapigano. Na alikuwa na haki yake. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye swichibodi ya simu pale Tanga, visikizio masikioni, akiunganisha watu. "Pemba, ongea. Tanga, ongea." Kisha likaja hilo soko huria lao, zikaja na mashine mpya, na yeye na wenzake wakapewa barua za kupunguzwa kazi. Haikupita miezi, kila mwenye duka mtaani Ngamiani akawa na simu kiunoni, anatembea akipayuka peke yake njiani kama aliyepandwa na shetani.

Kiinua mgongo chake, mumewe Khatib alikinunulia deki na televisheni, sebule ikageuka ukumbi wa video. Mwatum akitoka jikoni kwake anakuta vijana wamejazana mpaka mlangoni, na kwenye kioo kuna mtu ananing'inia kwenye bawa la ndege. Risasi mia zinamkosa. Mkono mmoja kashika bawa, mkono wa pili kashika simu, anaongea na mkewe!

"Yallah toba!" alifoka siku moja. "Mimi Pemba naitafuta asubuhi nzima, naipata adhuhuri, tena inakoroma. Huyu yuko mawinguni kaipata mara moja? Na upepo je, haumzibi masikio?"

"Mama, hiyo ni filamu tu," alisema Yakoub, kijana mfanyabiashara wa nguo, mteja wao wa kila Jumamosi.

"Filamu gani! Huo ni uongo uliotiwa umeme."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwatum akarudi jikoni, akazipigisha sufuria makusudi ili wasisikie hiyo filamu yao.

Basi alfajiri moja simu ya dukani kwa jirani ikalia. Alikuwa Sadalla, mdogo wake, anapiga kutoka Ole, kwao Pemba. Baba yao amefariki.

"Dada, panda ndege ya saa tatu," Sadalla alisema. "Tunamswalia adhuhuri. Tukiwa na hakika uko njiani, tutakungoja mpaka alasiri umwone. Bila hakika, hatuwezi kumweka."

Mwatum alikuwa hajamwona baba yake miaka minne. Alichotaka ni kimoja tu: amtazame usoni kabla hajafunikwa.

Kufika uwanjani, ndege ya saa tatu ikawa ya saa nne, ikawa ya saa tano. Kila akiuliza anaambiwa inakuja, inakuja. Yakoub naye alikuwepo, na furushi lake, anapeleka nguo Chake Chake. Akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba. Nikupigie Pemba uwaambie tumechelewa?"

"Marahaba. Sitaki. Ndege inakuja sasa hivi."

Kidude kilichomlia kazi yake akiweke sikioni? Abadan. Hasira zilimtoa machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga.

Waliruka saa sita na nusu. Kindege chenyewe cha watu kumi na wawili, na rubani alikwisha kuwaambia wote wazime simu. Wako juu ya bahari, simu ya Yakoub ikalia.

"Zima!" Mwatum aligeuka.

"Namba siijui, mama, lakini ni ya Pemba. Niisikilize tu nijue—"

"Rubani kasema nini? Au na wewe ndiye yule wa kwenye bawa?"

"Zima bwana, utatuua!" abiria wakadakia.

Ikazidi kulia. Mwatum akampokonya, akakibonyeza kitufe chekundu, kisha akaipindua na kuchomoa betri. Ah, raha iliyoje! Tangu siku ya ile barua hajapata kujisikia vizuri namna ile. Yakoub akatazama dirishani.

Walipotua Mwatum alimrudishia vyote viwili, simu na betri, na kijana wa watu hakuweka kinyongo. Gari lililokuja kuchukua nguo zake akaliamuru lipitie Ole kwanza.

Walipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Sadalla alimjia dada yake na udongo mikononi.

"Dada, wallahi tumekungoja," alisema. "Watu wameswali adhuhuri, bado tunangoja. Nikapiga dukani, nikamwuliza shemeji. Akasema umetoka tangu asubuhi, hajui kama ndege imeruka, ila yuko kijana mteja wake aliyemwaga jana, msafiri mwenzio, ana simu. Akanipa namba. Nikapiga, ikalia, ikakatwa. Nikapiga tena, haipatikani. Wengine wakasema labda mko angani. Imamu akasema maiti hawekwi kwa labda." Akakunja uso. "Mtu gani huyo asiye na utu, anakata simu ya msiba?"

Yakoub alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wa Mwatum mkononi.

"Simu ilikuwa yangu, kaka," alisema. "Ina ubovu. Ilizimika yenyewe."

"Nyamaza!" Mwatum alimkemea, hasira zote za miaka zikamtoka kwa mara moja. "Nani kakwambia unitetee? Ni mimi, Sadalla. Mimi ndiye niliyeikata, kwa mikono yangu, na nikafurahi."

Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakageuka kumtazama. Mwatum alimtazama ndugu yake, akingoja amgombeze, amtukane, ampige hata kofi. Sadalla hakufanya hata moja. Aliupokea mkoba kutoka kwa Yakoub, akaushika kama hajui auweke wapi.

"Uso tuliuacha wazi mpaka tulipombeba, dada," alisema.