Ndala za Mshenga

Leo mshenga kaleta posa yangu, nusura aondoke na ndala za baba!

Wageni wamekuja na bodaboda kutoka Mbekenyera. Ndala wakaziacha mlangoni pamoja na za baba, karibu zote za bluu, wakaketi mkekani.

Mdogo wangu Zuhura ana usonji. Alikaa pale mlangoni, macho chini muda wote.

Mama akawa anamnong'oneza, "Mwanangu, watazame wageni usoni."

Wapi! Hata salamu ya mshenga kaiitikia huku anaangalia ndala.

Mazungumzo yakaisha vizuri (ndiyo, nimekubali jamani!). Mshenga akavaa, akaaga.

Zuhura akasema kwa sauti: "Babu, hizo za baba. Zako hazina doa la mabibo."

Mama anatafuta pa kujificha. Mgeni wa posa kaambiwa kachukua ndala!

Mzee akainua mguu, akaangalia. Doa hilo hapo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mahari hatujaleta, ndala tunabeba!"

Walipoondoka nikamuuliza Zuhura, "Mshenga umemwonaje?"

"Kisigino cha kushoto kimepasuka. Anakanyagia pembeni. Kinamuuma."

Haya, sisi tuliomtazama usoni, nani aliliona hilo?