Karatasi ya Mzee

Siku ya kura, huko Kamenge, nilipanga foleni mlangoni mwa darasa moja, nyuma ya mzee asiyeona vizuri na mke wake. Kwetu mpiga kura hupewa karatasi za vyama vyote. Ile unayoipenda unaitia katika bahasha, zilizobaki unazitupa katika sanduku la pembeni. Mzee aliomba mkewe amsaidie. Watu wakatazamana, maana mtaa mzima unajua kwamba wawili hao hawajawahi kupenda chama kimoja.

Nyuma ya pazia tukamsikia yule mama akinong'ona, "Shika hii. Ni ya chama yako. Mi siipendi, lakini ni yako."

Mzee akaitia katika bahasha bila kuuliza neno.

Kisha mama akapiga kura yake peke yake. Walipotoka, mzee akamshika mkono. "Na we, mama watoto, umechagua gani?"

"Mi sikuomba musaada, baba."

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Wakaondoka polepole, wameshikana. Mimi naona vizuri kabisa, na bado sijui ningemkabidhi nani karatasi zangu.