Waya wa Kurudi

Enzi zetu kule Kabazi, jiwe la tochi lilikuwa na heshima kuliko mtoto. Mtoto akichoka aliambiwa avumilie, lakini jiwe likichoka lilianikwa juani juu ya mabati, likageuzwageuzwa kama hindi la kuchoma, na jioni likarudishwa kwenye redio kwa mikono miwili ili baba asikie habari na matangazo ya vifo. Likikataa, baba aliliuma ubavuni, na sisi tuliamini kwa moyo wote kwamba mawe yanayaogopa meno yake. Mwambie kijana wa leo kwamba betri huanikwa, atakutazama kana kwamba umetoroka mahali. Yeye chaji ya simu ikishuka kidogo tu, anaanza kuhema.

Stima, yaani umeme, tuliisikia kwa watu waliowahi kufika Nakuru. Nyumbani tulikuwa na koroboi, na moshi wake ulitufanya tuamke na pua nyeusi, tukaenda shule tukiwa na mashavu yanayong'aa mafuta na matundu ya pua kama dohani. Asubuhi tulikula githeri ya jana, mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na kitunguu. Siku za ukungu tulikimbia peku kwenye nyasi za baridi, bano zetu za kioo zikigongana mfukoni, na hakuna aliyejua kwamba maisha hayo yanaitwa shida.

Mimi nilikuwa na kipaji kimoja, nacho ni kutumwa. Kwenda nilienda vizuri sana. Shida yangu ilikuwa kurudi. Ningetumwa chumvi, nikutane na mchezo wa bano, nikumbuke chumvi jua likiwa limehamia upande wa pili wa mlima. Mama yangu alikuwa na dawa ya watoto wa namna hiyo, dawa ambayo kila mtu wa rika langu aliinywa. Alitema mate chini, mbele ya mlango, akanyoosha kidole.

"Haya. Hii mate ikauke kama haujarudi, utanijua mimi ni nani."

Wenzangu walitoka mbio. Mimi, kwa kuwa nilijiona nina akili, nilimwomba atemee kivulini. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akatema juani na kunifukuza.

Basi mwaka tuliofundishwa umeme, mwalimu wa sayansi alikuwa Mwalimu Kirui, mtu wa Olenguruone, mrefu, mpole, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa kila siku. Alikuja na mfuko wa hazina: jiwe la tochi, balbu ndogo na waya. Alituonyesha kwamba kijiko cha chuma hupitisha umeme na kijiti hakipitishi. Akaunganisha waya wa kwanza kwenye kichwa cha jiwe, akaupeleka kwenye balbu, halafu akakumbuka kwamba chaki imeisha. Akatazama darasa lote na akanituma mimi.

Ofisini nilifika. Chaki nilipata. Lakini barabarani lori la viazi lilikuwa limekwama kwenye tope na watu wanalisukuma, na mtu mwenye utu hawezi kuliacha lori katika hali hiyo. Niliporudi na chaki yangu, balbu ilikuwa imeshawaka, imeshazimwa, na wenzangu wako kwenye hesabu. Sikujali. Niliona nimepata kiini cha somo: jiwe, waya, balbu. Kwani mfereji wetu wa kumwagilia maji ulikuwaje? Maji yalitoka juu, yakashuka, mboga zikanywa, yakaisha. Hakuna mtu aliyewahi kuyarudisha mtoni. Niliwaeleza wenzangu hivyo wakati wa mapumziko, kwa sauti ya mtu aliyegundua umeme mwenyewe. Mwalimu Kirui alisikia sauti tu, maneno hakuyapata, akaona huyu ndiye wa kuonyesha wazazi siku ya wazazi.

Mama alipopata habari hizo, kanisa zima lilizipata. Aliwaambia kina mama wenzake kwamba mtoto wake atawasha taa bila mafuta wala kibiriti. Yeye ambaye jina lake lilijulikana kwa sababu ya kusimama njiani na kuita jina langu, sasa alikuwa na jambo la kujivunia. Siku yenyewe alikuja na kitambaa kipya kichwani, akaketi benchi la mbele, chai yake kwenye thamosi, akageuka kuwatazama walioketi nyuma.

Nikasimama. Nikaeleza mfereji, nikaeleza mboga, nikapandisha sauti. Nikashika jiwe kwa mkono mmoja, nikagusisha waya wangu kwenye kichwa chake, upande wa pili nikaugusisha kwenye balbu, nikafumba macho nisipofuliwe na mwanga.

Nilipofumbua, balbu ilikuwa pale pale, nyeusi. Nikaliuma jiwe. Nikalisugua kwenye kaptura. Nikaliuma tena.

"Kijana, tukuletee kibiriti?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, na uwanja wote ukaanguka kwa kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kifuniko cha thamosi kwa mikono miwili na anautazama mdomo wangu, akingoja niseme neno la kutuokoa sote wawili. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa kupamba hadithi.

Mwalimu Kirui alinisogelea. "Waya ya pili iko wapi?"

"Ya nini, Mwalimu?"

"Ya kurudi." Akawageukia wazazi, maana aliona somo limebaki palepale. "Jiwe lina kichwa na lina kitako. Mkondo unatoka kwa kichwa, unapitia balbu, halafu lazima urudi kwa kitako. Balbu haimalizi mkondo. Inachukua nguvu yake tu, na mkondo ni ule ule unaendelea kuzunguka. Njia ikikatika mahali popote, hata padogo namna gani, mkondo wote unasimama. Sio ati utaenda mpaka pale imekatika ungoje. Hautoki kabisa."

Hapo ndipo mama aliposimama.

"Mwalimu, hapo kwa kurudi ndio shida ya huyu. Kwenda anaendanga sawa sawa!"

Walicheka tena, lakini safari hii naye alicheka, na mimi nikacheka. Mwalimu akanipa waya wa pili. Nikautoa ganda la plastiki kwa meno, nikaubana kwenye kitako cha jiwe, nikaupeleka kwenye balbu. Ikawaka. Mwanga wenyewe ulikuwa hafifu, mchana wa jua kali, lakini mama alipiga makofi mpaka wengine wakaacha wakamwachia.

Nilipomaliza shule na kuja Nakuru kutafuta kazi, mama alinisindikiza hadi kwenye ua. Akatema mate chini ya michongoma, penye giza na unyevu. "Leo nimekutemea kivulini," akasema.

Siku hizi nyumba yake ina stima, na Nakuru si mbali, na mimi kila wiki nasema wiki ijayo. Juzi binti yangu Shiru alikuwa anafanya kazi ya shule. Wao saketi wanaichora kwenye simu, wanavuta waya kwa kidole, ikikataa wanafuta wanaanza upya, hakuna mzee wa kuwaletea kibiriti. Yake ilikuwa inakataa. Nikajitayarisha kutoa mhadhara, lakini akawa ameshampigia nyanyake.

"Cucu, balbu yangu haiwaki."

"Angalia kama umeweka waya ya kurudi," sauti ya Kabazi ikajibu kwenye spika. "Babako alisahau hiyo mbele ya watu wote."

Shiru akaweka waya, balbu ya simu ikawaka, akacheka. Kisha akasema nyanya anataka kuongea na mimi. Nikaanza na visingizio vyangu kabla hata sijasalimia. Aliningoja nimalize.

"Sikugombezi," akasema. "Lakini ujue hata kivulini inakaukanga."

Shiru aliniuliza ni nini kinachokauka. Nikamwambia atafute sweta, maana Kabazi kuna baridi.