Jumamosi ya Nyamasaria, Jumapili ya Rabuor

Rafiki yangu wa utotoni, Ouma, alikaa miaka miwili bila kushika simu yangu. Halafu Jumatano moja, nikiwa dukani kwangu Nakuru nikiuza vipuri vya baiskeli, ujumbe wake ukaingia: "Jumamosi jioni. Nyamasaria. Kuja tule samaki." Salamu hakuna, kwaheri hakuna. Nilichanganyikiwa hadi nikampa mteja mnyororo usiomfaa, akarudi nao baada ya nusu saa akinung'unika.

Sababu ya kimya chake niliijua. Mama yake alipofariki sikwenda kumzika. Nilituma mchango kwa simu, nikaandika maneno mawili matatu ya pole, nikajiambia kwamba duka haliwezi kubaki peke yake. Uongo mtupu. Niliogopa kurudi Kisumu. Mara yangu ya mwisho huko ilikuwa mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa kabila letu walipokuwa wakifukuzwa, na wazazi wangu walipofunga duka lao la nafaka Kibuye tukahama. Kabla ya kuhama, Mama Ouma alituficha nyumbani kwake Rabuor kwa siku nne, watu watano chumba kimoja, akawaambia majirani kwamba ana wageni wa kanisa. Huyo ndiye mama niliyeshindwa kumsindikiza. Ukiniuliza ni jambo gani linaninyima usingizi katika umri huu, ni hilo.

Mke wangu aliusoma ule ujumbe mara mbili, akanirudishia simu. "Nenda," akasema. "Kama ni kutukanwa, utukanwe yaishe."

Jumamosi saa sita mchana niliondoka Nakuru na pikapu yangu kuukuu. Molo kulikuwa na ukungu, na Kericho nikasimama ninywe chai, maana kupita Kericho bila kunywa chai naona ni kama utovu wa adabu. Kutoka hapo barabara inateremka, na ukiwa mtu uliyelelewa upande ule, mwili unajua kabla ya akili. Nilipofika Awasi nilivua sweta. Ahero nikashusha kioo, joto likaingia pamoja na harufu ya matope ya mashamba ya mpunga, nami nikajikuta natabasamu peke yangu. Utotoni baba alikuwa akinileta Ahero kununua mchele, na kila mara Ouma alidandia lori letu bila kualikwa. Baba alizoea, akawa ananunua soda tatu bila kuuliza.

Saa kumi na robo nikafika Rabuor. Njia ya kwenda kwao niliiona mkono wa kushoto, bado ya vumbi, na mkono wangu ukaenda kuwasha taa ya kukata kona kabla sijauambia. Lakini ujumbe ulisema Nyamasaria. Nikauzima ule mwanga, nikanyoosha, na ndipo roho ilipoanza kuniuma kweli. Katika maisha yetu yote hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunialika hotelini. Nilikuwa naingia tu, nafunua sufuria. Sasa nilikuwa naitwa barabarani, kama mtu anayekuja kuuza bima.

Nyamasaria, pale unapoingilia Kisumu, sikuitambua. Niliyoiacha mimi ilikuwa mtama, ng'ombe, na vijana wakichota mchanga mtoni. Niliyoikuta ina barabara iliyopita juu ya nyingine, maghorofa, na mahali pa kula pameshikana na mahali pa kula. Moshi wa nyama ulitanda, magari yalikuwa yakioshwa, watoto walirukaruka kwenye jumba la plastiki lililojazwa upepo, na kila ukumbi ulikuwa na televisheni yake ikionyesha mpira. Familia nzima zilikuwa zimevaa vizuri na kukaa nje kwenye viti vya plastiki. Nilifurahi kwa ajili yao, na nikasikitika kidogo kwa ajili ya ule mtama.

Ouma alikuwa amesimama mbele ya ukumbi wenye paa la mabati ya kijani. Yeye ni fundi wa injini za mashua pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, na mikono yake haijawahi kutoka grisi. Alinitazama kutoka kichwa hadi viatu.

"Omera, ndugu yangu, umezeeka," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeiva."

Tukacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Akanipeleka moja kwa moja hadi jikoni, kwa sababu Ouma hali samaki ambaye hajamkagua. Alifunua mashavu ya samaki mmoja, akanusa, akamrudisha.

"Mama, hii imelala kwa friji," akamwambia mpishi.

"Yawa! Imetoka Dunga asubuhi, Baba."

"Dunga ndiyo nafanya kazi, mama. Hii sijaiona huko."

Mpishi alicheka akatoa mwingine, mnene, mwenye jicho linalong'aa. Aliletwa pamoja na sahani ya ugali na mboga chungu ya osuga, tukanawa, tukaanza. Ouma aliona nimeanzia mkiani. "Bado unaogopa kichwa," akasema, na kwa kitambo tukawa vijana tena, maana Mama Ouma ndiye aliyehangaika kunifundisha kufyonza kichwa cha samaki, na hadi leo sijafuzu.

Nikaona hapo ndipo mlango. "Ouma," nikaanza, "kuhusu mama..."

Aliweka tonge chini. "Si hapa."

"Nataka tu kusema pole kwa..."

"Kamau. Nimesema si hapa. Kula."

Nilikula, lakini sikuonja tena kitu. Baadaye nikajikaza na kuuliza kama tutaenda kulala Rabuor. Akajibu bila kunitazama, "Nimekuchukulia chumba hapo nyuma. Ni gesti safi." Ujana wetu wote nililala katika simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana kando ya lango, mkeka mmoja, blanketi moja, tukipigana mateke. Sasa nimekodishiwa chumba. Nikasema moyoni, basi, huku ndiko kufukuzwa kwa adabu.

Saa moja usiku wapiga ohangla walianza. Ngoma zile zikilia huwezi kukaa na huzuni yako kwa utulivu, zinakutikisa nayo. Tulipokuwa vijana tulikuwa tukisikiliza bendi tukiwa nje ya ukumbi mjini, chini ya dirisha, na tulicheza huko huko kwenye nyasi. Leo tulikuwa ndani, tena kwenye viti vya mbele, na nusu ya nywele zetu zimetuacha.

Baada ya nyimbo chache ikafika zamu ya pakruok. Mtu yeyote anaweza kuusimamisha muziki, akamtuza mwimbaji kidogo, akapewa kipaza sauti ajisifu: yeye, rafiki zake, na kwao. Mwalimu mmoja alijisifu kwamba hata chaki inamwogopa. Mama mmoja akasema yeye ndiye mvua ya Seme. Kisha nikaona Ouma ameinuka. Alikuwa na ukumbi mzima wa mashahidi. Angetaka kunisema, hapo ndipo pangekuwa pahali pake.

"Mimi ni Ouma wuod Rabuor!" akanguruma. "Fundi ya Dunga! Injini ikisikia jina yangu inajiwasha!" Watu wakapiga kelele. Akaninyooshea kidole. "Na huyu mnaona amekaa kama mzee ya kanisa, ni Kamau. Msiulize ni wa wapi. Huyu ni wuod Kibuye, mwana wa Kibuye! Amekula ugali kwetu mpaka watu wakadhani mama yangu alizaa mapacha, moja ikachelewa kuiva!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wageni kabisa walinipa mikono. Ngoma zikarudi, Ouma akanivuta, na nikacheza hadi magoti yakalalamika. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu tuhame. Na ndani yake nilikuwa sielewi kitu.

Saa nne alinisindikiza hadi mlango wa gesti. Nikamuuliza hapo hapo, "Ouma, umenisamehe au umenifukuza?"

Alishangaa kweli. "Kwani ulisahau kwetu? Mtu hakuzika, siku ya kwanza akiingia boma hawezi kuingia akisalimia watu. Hawezi pewa hata maji. Anaingia akilia, anaenda kwa kaburi kwanza. Ungekuja leo nyumbani na hii pikapu yako, unapiga honi, unasema hamjambo, watu wangu wangesema nini? Na pole haisemwi juu ya samaki."

Nilikuwa nimeyaona hayo utotoni mara ngapi, nikayasahau yote.

"Na hiyo miaka mbili?" nikauliza.

"Hiyo nilikuwa nimekasirika. Sana." Akatazama barabara. "Wiki hii nilikuwa naambia kijana moja huko Dunga vile tuliangusha gunia ya maharagwe ya baba yako kwa mtaro. Hakucheka. Nikaona, mama hayuko, wazee wako hawako. Hiyo stori imebaki na wewe tu." Akanipiga begani. "Kesho utalia, na mimi nikikusikia nitalia. Sasa nikasema, Jumamosi tucheke kwanza."

"Ouma, sisi kwetu mwanamume halii kwa sauti. Sijui namna."

"Basi uko na usiku mzima ya kujifunza," akasema, akaenda zake.

Jumapili saa mbili asubuhi niliegesha pikapu mbali na lango, nikaenda kwa miguu. Boma lilikuwa kimya. Achieng, mke wa Ouma, alikuwa akifagia. Aliniona, akaacha kufagia, lakini hakunisalimu. Ouma alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na hakuinuka. Kaburi lilikuwa upande wa kushoto wa nyumba ya mama, limesakafiwa vizuri. Walikuwa wananingoja, na mimi nilikuwa mkavu kabisa.

"Mama," nikasema, kwa sauti ya kawaida. Hakuna kilichotokea. Nikapiga hatua mbili. "Mama, ni Kamau. Nimekuja." Nilipolitamka hilo neno la mwisho, jambo fulani lilikatika kifuani, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia. Nilikimbilia kaburini. Nililia jina lake, nikalia woga wangu, nikamwambia kwa kupiga kelele kwamba niliogopa watu ambao yeye hakuwaogopa. Nyuma yangu nikasikia Ouma naye amepasuka, kisha Achieng, kisha sauti za wanawake zikaitikia kutoka maboma ya jirani, wakaja wakilia upya kama vile amefariki asubuhi ile.

Bibi kizee mmoja akauliza ni nani huyu anayelia hivi. Achieng akamjibu, "Ni mtoto ya hapa. Alikuwa mbali."

Tulipotulia, Achieng aliniletea maji, na ndipo akasema, "Karibu nyumbani, shemeji." Mchana tulikula kuku na tukacheka sana, juu ya gunia la maharagwe hasa.

Jioni nilirudi Nakuru nikijua jambo ambalo ningelijua mapema kama ningeuliza. Miaka miwili niliamini kwamba aliyekosa kuzika amefungiwa, na siku zote hizo walikuwa wamemwekea mahali pake pa kupitia. Kilichotakiwa ni aje, na asijifiche.

Mke wangu alinifungulia lango, akauliza imekuwaje. Nikajaribu kumjibu, ukatoka mkwaruzo mtupu.

"Haya, na sauti yako iko wapi?"

Nikamnong'oneza, "Nimeiacha Rabuor."